Eti kabla ya Washirazi hapa palikuwa na nyani tu! Mbele ya bibi yangu!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Wasimamizi msiuunganishe uzi huu na ule wa barabara, huu ni msiba wake peke yake.

Nimetoka sasa hivi kwenye makumbusho yetu yale ya chumba kimoja na feni moja. Jina simtaji. Yule wa kofia ya kito, anayeongea na Wazungu kwa kubana pua na sisi kwa kukohoa, mnamjua. Hata kuku wa mtaa huu wanamjua.

Nimempeleka bibi. Ana miaka 80 na ushei, kajifunga doti mpya ya Idi, maana anakwenda kuiona mbuzi yake ya nazi aliyowapa bure waiweke kwenye kabati la kioo. Tunafika, jamaa ana wageni wanne, anawapigia hadithi ya meli 7 kutoka Shiraz, Uajemi, baba na wanawe 6. Sawa, hadithi hiyo tumekua nayo. Mara huyo: "Kabla yao hapa palikuwa msitu na nyani tu."

Nyani tu! Bibi yangu kasimama pale na mkongojo wake! Wa ukoo wake wamezikwa nyuma ya msikiti mpaka hesabu imepotea, leo anaambiwa nyani. Nikadhani nimesikia vibaya, jamaa akarudia kwa sauti ya mnada. Nyani tu.

Habari za kale za Kilwa zenyewe zinasema Ali bin Hassan, Mshirazi huyo huyo, alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kukizunguka kisiwa chote. Alinunua kwa nani? Nyani ndiye aliyesema ongeza kidogo tajiri? Akina Chittick, wale wachimbuaji wa mambo ya kale, walichimba Kilwa miaka ya 1960, wakakuta chini ya majumba ya mawe kuna vigae na mabaki ya watu waliovua samaki na kufua chuma tangu karne ya 9. Nyani anafua chuma?

Bibi hakusema neno. Akasogea kwenye kioo, kumbe kibao kimeandikwa "Kifaa cha Kishirazi". Mbuzi ile babu aliichonga mwenyewe uani! Akajitanda kanga, akatoka. Njia nzima kimya, na mpaka sasa hajala. Nyani tu, wakuu. Nyani tu!

Ngalawa Kongwe: Pole mkuu. Mimi alinitoza kiingilio cha mgeni kisa nimevaa miwani ya jua. Nimezaliwa mtaa wa pili!

Mla Pweza: Mbuzi, nyani... hayo makumbusho au mbuga? 😂😂

Binti Mrima: Acheni kucheka, bibi wa watu kadhalilishwa. Yule msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akaandika wakazi wengi ni Wazanji weusi, wenye chale usoni. Nyani hakuwaona.

Msomi wa Kibarazani: Tuweni wa haki. Utafiti wa vinasaba wa 2023 kwenye mifupa ya makaburi ya kale ya pwani ulionyesha kuwa upande wa baba wengi asili yao Uajemi, upande wa mama karibu wote Waafrika, na kuchanganyika kulianza mnamo mwaka 1000. Meli si uongo mtupu.

Mwenye uzi: Nani kasema meli ni uongo? Hao mama walioolewa walishuka mtini? NYANI TU alisema, mara mbili!

Ngalawa Kongwe: Turudi kwenye kiingilio. Risiti hatoi.

Mvuvi Mstaafu: Risiti? Muombe choo kwanza. Ufunguo anatembea nao mfukoni, akienda kula saa 6 harudi mpaka saa 10.

Mla Pweza: Kumbe ule mlango wenye kufuli ni choo! Nilijua chumba cha sultani, nimepiga picha tano pale.

Binti Mrima: Siku ile nimekwenda na watoto watatu, mdogo akajisaidia kwenye mche wa mlimau. Kelele alizonipigia!

Mwenye uzi: Jamani, bibi hajala.

Mvuvi Mstaafu: Mpikie uji mkuu, wa muhogo. Binti Mrima, ni mlimau ule wa karibu na mzinga? Ule nimeupanda mimi.