Mrejesho: ufadhili wa kijana wangu anayesomea ualimu South Carolina, Marekani

Ndugu zangu, niliwauliza kama upo ufadhili kwa vijana weusi wa hapa South Carolina wanaotaka kuwa walimu. Leo naleta mrejesho. Kijana wangu amekubaliwa katika programu ya Call Me MiSTER, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Clemson, ambayo humsaidia mwanafunzi ada na, jambo lililonigusa zaidi, humweka pamoja na wenzake chini ya walezi wa kitaaluma. Ruzuku ya serikali kuu iitwayo TEACH, ya hadi dola 4,000 kwa mwaka, bado tunaiogopa: asipofundisha kwa miaka 4, ndani ya miaka 8 baada ya kumaliza masomo, somo lenye uhaba wa walimu katika shule ya watoto wa kipato cha chini, fedha yote hugeuka mkopo wenye riba.