Re: Kujiunga na Frimasoni huku Uingereza

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Anayejua utaratibu wa kujiunga na Frimasoni atuwekee hapa: unaanzia wapi, inagharimu nini, na je, ni lazima uwe na mtu ndani? Habari za kafara na utajiri tuziache, tumezisikia tangu Bongo.

---

Marahaba. Si lazima uwe na mtu ndani. England na Wales chombo kikuu ni United Grand Lodge of England, makao yake Great Queen Street, London (Scotland na Ireland wana vyao). Tovuti yao ina fomu ya kuonyesha nia. Ukijaza, jina lako linapelekwa kwa ofisa wa eneo unaloishi. Masharti makubwa ni uwe mwanamume mtu mzima mwenye sifa njema na unamwamini Mungu. Dini gani, ni juu yako. Kina mama wana vyama vyao vinavyojitegemea, kama Order of Women Freemasons cha tangu 1908.

Baada ya hapo hesabu miezi, si wiki. Watakuita mpige soga mara moja mbili wakujue, na wengine hupenda kuonana na mkeo pia, kwa sababu vikao vinakula jioni za familia. Ukishapata loji (tawi wanamokutania wanachama), wanachama wake wawili wanakudhamini kwenye fomu, kamati inakuhoji, halafu unapigiwa kura ya siri kwa vigololi, vyeupe vya kukubali na vyeusi vya kukataa. Vyeusi vitatu vinakutoa. Loji nyingine zimejiwekea viwili, hata kimoja.

Wanaokwama hukwama kwenye mambo mawili. La kwanza ni swali la kwa nini unataka kuingia. Ukitaja kazi, mkopo au makaratasi ya uhamiaji, umejimaliza mwenyewe. La pili ni rekodi ya mahakama. Andika kila kitu, maana kosa lenyewe huenda lisikuzuie, lakini kulificha kunaweza kukufukuzisha baadaye.

Siku ya kuingizwa vaa suti ya rangi ya giza, shati jeupe na tai nyeusi. Aproni nyeupe utapewa. Utaambiwa uvue kila chenye metali: saa, sarafu, mkufu. Pete ya ndoa iliyogoma kutoka hufunikwa kwa plasta, basi. Daraja za uanachama ni tatu, na kati ya moja na nyingine zipite angalau wiki nne. Kwa kuwa loji nyingi hukutana mara chache kwa mwaka, usishangae ukimaliza mwaka mzima au zaidi.

---

Naongezea kwenye pesa. Mafungu ni manne: ada ya kuingia, ada ya mwaka, chakula cha baada ya kikao, na mchango wa hisani. Watu huuliza mawili ya kwanza tu, kumbe chakula ndicho kinachotoboa mfuko. Omba upewe jumla ya mwaka mzima kabla hujasaini, na ulinganishe loji mbili tatu, maana zinapishana sana.

Deni likifika miaka miwili, uanachama unakoma wenyewe. Ukihama, ondoka na barua inayosema hudaiwi. Na ukishapata daraja la tatu utapewa cheti cha Grand Lodge. Kitunze, utakihitaji ukitaka kutembelea loji za Nairobi au Dar, zilizo chini ya District Grand Lodge of East Africa, ambayo ni ya hao hao wa London.

Zile namba za WhatsApp za "jiunge leo upate gari na mamilioni" ni za wezi. Hakuna loji halali inayokuingiza kwa simu, wala inayodai utume hela kwa M-Pesa kwa mtu ambaye hujawahi kumwona.

---

Kwa sisi wa Ufaransa mambo ni tofauti, vyama ni vingi na havitambuani. Grand Orient de France kiliondoa sharti la kumwamini Mungu mwaka 1877, na Waingereza hawakitambui hadi leo. Ukiingia huko, mlango wa loji ya London utaukuta umefungwa, wa Nairobi vilevile. Wanachokitambua ni Grande Loge Nationale Française. Ulizeni jina kamili la chama kabla ya kikombe cha kwanza cha kahawa.

Wakatoliki mjue pia: Vatikani ilitamka mwaka 1983, ikarudia Novemba 2023, kwamba hairuhusiwi, na anayejiunga hapaswi kukomunika. Loji haitawakumbusha hilo.