Tupeane uzoefu: kufungua seti ya vitofali yenye taa zake ndani

Wakuu wa Mbeya, Iringa, Njombe na jirani, hapa tuweke yanayohusu seti za vitofali vya kuunganisha, LEGO na za aina hiyo, ambazo taa zake hufungwa humohumo wakati wa kujenga. Andika hatua, idadi, kilichogoma na sababu yake.

Naanza na boksi. Likishuka kwenye basi kutoka Dar huwa limelaliwa na mizigo njia nzima, kwa hiyo kagua kona zake palepale stendi. Nyumbani usizamishe kisu. Ncha yake ikifika kwenye mfuko wa waya, imekata. Mifuko ya vitofali ina namba, fungua mmoja mmoja. Sehemu za taa zimwage kwenye sahani nyeupe, uhesabu ukilinganisha na kijitabu.

Kisha jaribu kila taa peke yake, dakika mbili mbili, kabla ya kuunganisha hata kitofali kimoja. Taa mbovu ukiikuta mezani unaiweka pembeni. Ukiikuta ghorofa ya tatu, unabomoa.

Kutoka Iringa mjini
Kamwene. Mimi nasemea waya, maana wengi hukwama hapo. Kutoka katikati ya kinundu (kile kiduara kilichochomoza juu ya kitofali) hadi katikati ya kinundu cha pili ni milimita 8, na kinundu chenyewe kina upana wa milimita 4.8. Uwazi unaobaki ni milimita 3.2, na humo ndimo waya hupita, umelala chini kabisa. Ukipita juu ya kinundu, kitofali hakikai: utaona ufa mwembamba upande mmoja. Ukikilazimisha, ganda la waya linapondeka na taa inaanza kupepesa. Waya wenyewe ni mwembamba kama uzi wa kushonea, hauna ubishi. Uulaze kwa kijiti cha meno, usitumie kucha.

Plagi zake ni ndogo kuliko punje ya mchele. Zina upande wenye vishaba, na upande huo ndio unaokutana na pini za kigawanyio, kile kibao kidogo chenye matundu kinachogawa umeme kwa kila taa. Ikigoma, igeuze; ukisukuma tu, pini zinapinda. Ishike plagi yenyewe kwa kibano cha plastiki, usivute waya.

Kutoka Makete
Huku kwetu Juni na Julai gundi ya kubandikia kigawanyio haishiki, baridi inaikausha nguvu. Bandika saa sita mchana. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, pasha kipande cha gundi katikati ya viganja, kisha kandamiza kwa nusu dakika. Usisogeze vitofali kwenye jiko la mkaa ili vipate joto. Vitofali ni plastiki ya ABS, vinapinda.

Kutoka Mafinga
Naomba msaada: taa tano zinawaka, moja imezima. Ni betri?

Kutoka Mwanjelwa, Mbeya
Siyo betri, mkuu. Kwenye kigawanyio kila taa ina njia yake, hivyo betri ikiisha zote zinafifia, siyo moja tu. Hamishia plagi ya hiyo iliyozima kwenye tundu la taa inayowaka. Ikiwaka, tundu la kwanza ndilo bovu. Isipowaka, fuata waya wake, anzia pale ulipopita chini ya ukuta.

Na kuhusu umeme: USB inatoa volti 5, betri tatu za AA volti 4.5. Ukiweka za kuchaji, kila moja ina 1.2, jumla 3.6. Hapo nyeupe na bluu hufifia kwanza kwa sababu zinahitaji karibu volti 3 taa yenyewe, nyekundu inatosheka na kama 2. Pawabanki nyingi hujizima baada ya muda mfupi. Taa chache zinakula umeme mdogo mno, pawabanki inadhani hakuna kilichochomekwa. Tumia chaja ya simu au kikasha cha betri. Wenye sola, chomekeni kwenye tundu la USB tu. Betri ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja, taa zinaungua papo hapo.

Kutoka Njombe
Ugonile wote. Kama seti inatumia betri bapa za duara kama za saa, hakikisheni kifuniko kina skrubu na imekazwa. Mtoto akimeza, betri inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, kwa hiyo ni hospitali moja kwa moja, msisubiri dalili.

Jingine: kabla ya paa, zima taa za chumba uangalie. Vitofali vyeupe na vya njano vinapitisha mwanga, ukuta unang'aa wote badala ya dirisha. Panga safu ya vitofali vyeusi kwa ndani, nyuma ya taa. Karatasi ya foili inazuia mwanga pia, ila inapitisha umeme. Ikigusa pini mbili za kigawanyio, taa zote zinazima.