Tupeane uzoefu: umeambia programu ipunguze pembeni, ikala mpaka nyama

Mwenye mada
Wakuu, habari za leo. Naanza na yangu. Tulirithi mfumo wa kutuma meseji ulioandikwa kwa lugha ya Python, na kila namba ya simu inapitishwa kwenye `lstrip('+255')`, amri ya kukata mwanzo wa maandishi, ili namba ya nchi +255 iondoke. Muda wote shwari, maana namba za mkononi huanza na 6 au 7. Tukaingiza simu za mezani za maofisi, balaa likaanza. Za Dar es Salaam zikapoteza 22 yote (namba ya eneo) pamoja na 2 inayofuata, za Arusha badala ya 27 zikabaki na 7. Kumbe `lstrip` haisomi "+255" kama kipande kimoja. Inaichukua kama seti ya herufi, inatafuna kila +, 2 na 5 kwa mpangilio wowote mpaka ikutane na kitu kingine. Dawa ni `removeprefix`, inayokata kipande kizima cha mwanzo, lakini imekuja na Python 3.9. Seva yetu ilikuwa ya zamani, ikabidi tuanze na `startswith` kuangalia kama namba inaanza na +255, kisha tukate wenyewe. Nyie je?

Kijana_wa_Tanga
Upande wa nyuma ndiyo kasheshe kwetu, maana maneno ya Kiswahili yanapenda kuishia na o. Jaribu kuondoa `.json` mwishoni mwa jina la faili kwa `rstrip`, pacha wa `lstrip` anayekata nyuma: `'mfano.json'.rstrip('.json')`, unapata `mfa`. `malipo.json` inakuwa `malip`. Ila `simu.json` inatoka salama, kwa hiyo ukipima kwa faili hilo unalala usingizi.

fundi_bandika
PHP hivyo hivyo. Kuna duka la mtandaoni, jamaa aliweka `rtrim($bei, '.00')` kuondoa senti. Mkate wa 1500.00 ukauzwa 15 😂

Mhasibu_Mstaafu
Mimi si mtu wa kuandika programu, ni wa Excel. Majina nimenakili kutoka kwenye tovuti, nimepiga TRIM kuondoa nafasi za pembeni, VLOOKUP ya kutafuta jina kwenye jedwali bado inaleta #N/A, yaani haioni kitu. LEN, inayohesabu herufi, ndiyo iliyomuumbua mchawi: herufi moja ya ziada, nafasi tupu. Ile nafasi ni herufi namba 160, TRIM inaijua 32 tu, nafasi ya kawaida. Sasa naanza na SUBSTITUTE kuibadilisha hiyo CHAR(160), TRIM baadaye.

Kijana_wa_Tanga
Mzee, hiyo 160 `trim()` ya JavaScript inaiondoa, `strip()` ya Java haiigusi. Kila lugha na mila zake.

Mwenye mada
@fundi_bandika waliolipa 15 mlipeleka mkate?

fundi_bandika
Tulipiga simu kuomba radhi na kurudisha hela. Mmoja mpaka leo anadai mkate wake.