MJADALA: Fernando Poe Jr. alishindwa urais wa Ufilipino, au kura zake hazikuhesabiwa?

Mwanzisha mada

Wakuu, kila ukizuka ubishi kuhusu wasanii kuingia kwenye siasa, hakosi mtu wa kusema: "Si mnaona Ufilipino? Wanawapa nchi masteringi wa picha za ngumi, ndiyo maana wako vile." Kauli hiyo imemfunika mtu mmoja ambaye kisa chake kinaonyesha kinyume kabisa. Ni Fernando Poe Jr., au FPJ kwa kifupi, ambaye Wafilipino wenyewe walimwita Mfalme wa sinema zao.

Msimamo wangu nausema mapema. Tatizo la uchaguzi wa 2004 halikuwa elimu ya FPJ. Tatizo ni kwamba wakubwa na wasomi wa Manila walishawahesabu wapiga kura wake kuwa wajinga. Mpiga kura akishahesabiwa mjinga, kura yake ikipotea hakuna anayehangaika kuitafuta.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Manila tarehe 20 Agosti 1939, jina lake Ronald Allan Kelley Poe. Baba yake, Fernando Poe Sr., alikuwa nyota na mwongozaji wa filamu. Mama yake, Bessie Kelley, alikuwa na asili ya Marekani. Baba alifariki 1951 kwa kichaa cha mbwa, na kijana akaacha shule ili asaidie nyumbani. Alianzia chini kabisa kwenye kampuni za filamu: mara anatumwa huku na huku, mara anarushwa na kuangushwa badala ya nyota. Mwaka 1955 akapewa filamu ya kwanza kwa jina la baba yake, mwaka uliofuata Lo' Waist Gang ikamtangaza nchi nzima. Mwaka 1961 akafungua kampuni yake, FPJ Productions, na alipokaa nyuma ya kamera kama mwongozaji alitumia jina la Ronwaldo Reyes. Huyo ndiye mnayeambiwa kwamba hajawahi kuendesha kitu. Aliendesha kampuni ya filamu kwa zaidi ya miaka 40, akilipa waigizaji, mafundi na watu wa kuanguka kama alivyokuwa yeye mwanzoni.

Sasa mtazameni steringi wake. Hatafuti ugomvi. Anatukanwa sokoni, anasukumwa, anatazama chini na kuondoka. Wanamfuata tena, ananyamaza tena. Mpaka waguse mnyonge, mzee au mtoto, ndipo zinashuka zile ngumi zake za mikono miwili kwa zamu, tumboni kwa adui, haraka mpaka jicho haliwezi kuzihesabu. Katika Asedillo ya 1971 alikuwa mwalimu wa kijijini Laguna aliyefukuzwa kazi enzi za Wamarekani akaishia kuwa mwasi milimani, mtu aliyeishi kweli. Katika Ang Panday ya 1980 alikuwa Flavio, mhunzi anayefua silaha kwa jiwe lililodondoka kutoka angani ili kuwakomboa wanakijiji. Katika Muslim Magnum .357 alikuwa askari Mwislamu, katika nchi ambayo Waislamu wa kusini walizoea kuwekwa upande wa maadui kwenye filamu. Tuzo za FAMAS, tuzo za filamu za huko Ufilipino, zilimpa muigizaji bora mara tano.

Mtu wa kitongoji cha mabati Tondo, huko Manila, hakuyaona hayo kama uongo wa kumpumbaza. Aliona picha ya maisha yake, ila kwenye picha anayeonewa anapata haki mwishoni.

Mwaka 2004 akagombea urais dhidi ya Gloria Macapagal Arroyo, rais aliyekuwa madarakani. Kwanza walitaka kumwondoa kwa uraia, eti mama Mmarekani, na wazazi walikuwa hawajafunga ndoa alipozaliwa. Tarehe 3 Machi 2004 Mahakama ya Juu ikamwacha agombee. Kura zikapigwa 10 Mei. Matokeo rasmi: Arroyo 12,905,808, FPJ 11,782,232. Tofauti ni milioni moja na ushee.

Wakati wa majumuisho bungeni, mawakili wa FPJ waliomba fomu za vituoni zifunguliwe zilinganishwe na hati za majumuisho za mikoa. Kila walipopinga hati, jibu la wenye viti lilikuwa kwamba pingamizi limezingatiwa, kisha hati inayofuata. Katika baadhi ya miji ya Maguindanao, huko huko kwa Waislamu wa kusini, FPJ aliandikiwa kura sifuri. Hata moja. Yule askari Mwislamu wa kwenye filamu!

Akafungua kesi ya kupinga matokeo. Tarehe 14 Desemba 2004 akafariki kwa kiharusi, ana miaka 65. Machi 2005 mahakama ya uchaguzi wa rais ikakataa mjane wake, Susan Roces, asimame badala yake, na kesi ikafutwa. Miezi mitatu baadaye zikavuja kanda za simu: sauti ya mwanamke inamuuliza kamishna wa Tume ya Uchaguzi, Virgilio Garcillano, kama bado ataongoza kwa zaidi ya milioni moja. Tarehe 27 Juni Arroyo akajitokeza kwenye televisheni, akakiri kuzungumza na ofisa wa uchaguzi na kuomba radhi, huku akikana kuiba.

Nawauliza: mngekuwa Wafilipino, mngelala?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika kwa uchungu na nakuheshimu, lakini umeruka jina moja kubwa: Joseph Estrada. Naye alikuwa steringi wa picha za ngumi, tena rafiki wa damu wa FPJ. Wapiga kura wale wale walimpa urais 1998 kwa kishindo. Januari 2001 akaondolewa na maandamano, na 2007 akahukumiwa kwa uporaji wa mali ya umma. Sasa miaka mitatu tu baada ya kumwondoa, watu wanaletewa rafiki yake, mwenye kazi ile ile, asiyewahi kuwa hata diwani. Kuogopa hapo ni dharau? Mimi naita kujifunza.

Tena FPJ hakupenda midahalo. Hotuba zake zilikuwa fupi, mipango yake ya uchumi hakuna aliyeielewa. Nchi ya watu zaidi ya milioni 80, wewe unagombea kwa kupunga mkono?

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, Estrada simtetei. Lakini tazama wasifu wake kabla ya urais: meya wa San Juan kuanzia 1969 mpaka 1986, kisha seneta, kisha makamu wa rais. Alikuwa na uzoefu wa siasa kuliko wengi waliovaa joho. Kwa hiyo kama kosa lake lilikuwa wizi, uzoefu haukumzuia. Na aliyemrithi, Arroyo, ana udaktari wa uchumi kutoka Chuo Kikuu cha Ufilipino. Ni serikali ya mchumi huyo iliyotoa fedha za mbolea, peso milioni 728, miezi michache kabla ya uchaguzi, zikaacha kashfa ambayo Seneti ya huko iliichunguza kwa miaka. Elimu ni nzuri. Haikuwa kinga.

Katiba yao ya 1987 imetaja sifa za rais: mzaliwa halisi wa nchi, mpiga kura aliyeandikishwa, miaka 40 na kuendelea, aliyekaa nchini miaka 10, na anayejua kusoma na kuandika. Basi. Walioandika katiba hiyo walikuwa wametoka kumwondoa Rais Ferdinand Marcos, mwanasheria hodari sana wa darasani. Walijua wanachokifanya.

Kuhusu midahalo nakubali, ulikuwa udhaifu wa kampeni yake. Lakini udhaifu wa kampeni unaadhibiwa na wapiga kura kwenye sanduku. Ndiyo maana sanduku lazima liwe safi.

Mchangiaji wa pili

Mimi nakuja na hesabu tu, maana naona hisia zimetawala.

Kura za maoni za Social Weather Stations kabla ya 10 Mei zilikuwa zimeshamweka Arroyo mbele. Hesabu ya haraka ya Namfrel, ambayo si chombo cha serikali, ilimweka mbele pia. Mkoa wa Cebu ulimpa Arroyo ushindi mkubwa mno, na Cebu hawakuanza kumpenda siku ile. Halafu upinzani wenyewe uligawanyika: Panfilo Lacson alikataa kumwachia FPJ njia, akaondoka na kura kama milioni 3.5. Chukua theluthi moja tu ya hizo, umeshaifuta tofauti yote. Kwa hiyo kabla hujaenda Maguindanao, anza na Lacson.

Sikatai kwamba kulikuwa na uchafu. Nakataa kusema uchafu huo ndio ulioamua mshindi. Na zile sifuri za Maguindanao unazilia, lakini huko ni eneo la koo zenye bunduki; mkubwa wa ukoo akisema kura ziende huku, zinaenda huku, hata bila mtu wa tume kugusa karatasi.

Mchangiaji wa tatu, Maskati

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati mwaka wa ngapi sijui, na kazini kwetu Wafilipino ni wengi. Nataka kusema nilichosikia kwao, si kwenye vitabu.

Ule uchaguzi wa 2004 ulikuwa wa kwanza Wafilipino walio nje kuruhusiwa kupiga kura. Bwana mmoja mtu mzima, fundi wa viyoyozi, anatoka Pangasinan, alinieleza kuwa yeye alipiga kura yake huku Ghuba, na ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao kuona serikali inamuuliza kitu badala ya kumtumainia fedha anazotuma tu. Alimpigia FPJ. Nikamuuliza, kwa sababu ya sinema? Akakasirika, wallahi. Akasema kwao kimbunga kikipita, misaada ya FPJ ilifika kabla ya ya serikali, na hakukuwa na kamera. Akasema: huyu tumemwona toka tuko watoto, hakutuibia, wale wenye shahada tumewaona pia. Sasa mtu kama huyu ukimwambia amedanganywa na filamu, unamkosea adabu.

Ila na mimi sikubali kila kitu cha mwanzisha mada. Huko Manila walikuwapo wasomi waliompigia FPJ na maskini waliompigia Arroyo. Usiwagawe kama mchele na mawe.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu wa Maskati, ahsante, hilo la misaada nalisikia. Lakini ukarimu si uongozi wa nchi. Mtu mkarimu tumpe heshima, tumpe tuzo. Nao walimpa: alitangazwa Msanii wa Taifa. Si inatosha?

Mwanzisha mada

Hiyo tuzo umeigusa mahali pake. Aliyemtangaza Msanii wa Taifa mara ya kwanza, Mei 2006, alikuwa Arroyo mwenyewe, na familia ikakataa kuipokea kutoka mkononi mwake. Mjane wake alikuwa ameshasema hadharani kwamba urais umeibwa mara mbili, 2001 na 2004. Walisubiri mpaka 2012, Rais Benigno Aquino III alipothibitisha upya, ndipo wakaenda kuichukua. Mnaona tofauti? Kumsifu kama msanii ilikuwa rahisi kwa wale wale waliosema hafai hata kuhesabiwa vizuri. Mfalme wa sinema sawa, abaki huko huko kwenye sinema.

Ndugu wa Maskati, nimekuelewa, na kweli kura hazikugawanyika kwa tabaka pekee. Nilichokisema nakishikilia kwa wenye madaraka: wenye viti bungeni, tume, na waandishi wa makala waliokuwa wakiandika kuhusu "kura za wasiojua kitu".

Sasa mtu wa hesabu. Kuhusu Lacson huna mpinzani, upinzani ulijimaliza. Kuhusu Namfrel, nao walisimama kabla ya kufikia vituo vyote, lakini tuseme wako sahihi. Tuseme hata kwamba Arroyo alishinda kihalali. Basi ni nani aliyeumizwa zaidi na kukataa kufungua zile fomu? Ni yeye. Angezifungua Juni 2004, kanda za Garcillano zingevuja mwaka uliofuata zikakuta nambari zimeshakaguliwa mbele ya watu. Badala yake alitawala mpaka 2010 huku nusu ya nchi haimuamini. Na hoja yako ya koo zenye bunduki inanisaidia mimi: kama mkubwa mmoja anaweza kuandika sifuri kwa niaba ya mji mzima, hapo ndipo pa kufungua masanduku kwanza.

Na inawezekana. Mwaka 2016 Leni Robredo alimshinda Marcos mdogo, mtoto wa yule Marcos aliyeondolewa, kwenye umakamu wa rais kwa kura 263,473, tofauti ndogo kuliko ile ya 2004 mara nne. Marcos akalalamika, mahakama ile ile ya uchaguzi wa rais ikafungua masanduku ya mikoa mitatu aliyoichagua yeye mwenyewe, ikahesabu upya. Uongozi wa Robredo ukaongezeka badala ya kupungua, na Februari 2021 kesi ikafutwa kwa kauli moja. Mlalamikaji wa 2016 alikuwa mtoto wa rais, masanduku yakafunguliwa. Mlalamikaji wa 2004 alikuwa muigizaji aliyeacha shule, akafa akisubiri. Mwenye maelezo mengine ya tofauti hiyo ayalete, uwanja ni wenu.