Naomba ushauri: nitajuaje mabomba na nyaya zinapopita kabla ya kununua shamba Kombeni?

UmmuNassor
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi na kaka zangu wawili tunataka kuchukua eka mbili Kombeni, tujenge nyumba ndogo za kukodisha. Dalali anasema maji na umeme viko mlangoni. Jumapili nilikwenda mwenyewe. Transfoma niliiona, iko kwenye nguzo ng'ambo ya barabara. Lakini katikati ya shamba, baina ya miembe, kuna ukanda mwembamba usio na mti hata mmoja. Unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye mfuniko wa zege uliofukiwa nusu na udongo. Dalali anasema ni karo la zamani. Moyo wangu haukutulia. Kuna ramani ya serikali inayoonesha vilivyo chini ya ardhi? Fedha zenyewe ni za urithi wa marehemu baba, sitaki zipotee.

Mpimaji_Unguja
Waaleikum salaam dada. Kazi yangu ni hii, na ramani moja yenye vyote siijui; mimi hukusanya habari kidogo kidogo kwa kila taasisi: maji ZAWA, umeme ZECO, mipaka na mipango ya matumizi Kamisheni ya Ardhi. Usiende mikono mitupu. Chukua koodineti (namba za GPS za mahali) za pembe zote nne za shamba, andika barua, uliza kwa maandishi kama kuna bomba au waya unaopita ndani au kandokando. Jibu la mdomo dirishani halikusaidii siku ya ugomvi.

Ukiwa nyumbani, anza na picha za droni. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) walianza mradi wa kupiga picha visiwa vyetu kutoka angani, Zanzibar Mapping Initiative, na picha zipo wazi kwenye tovuti ya OpenAerialMap. Utauona huo ukanda wako, na muhimu zaidi utaona unatokea wapi na unaelekea wapi. Ukiuona unavuka mpaka mashamba ya jirani, basi si karo. OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, nayo ina baadhi ya njia za umeme, ila huchorwa na watu wa kujitolea. Pahala peupe pale maana yake hajapita mchoraji, si kwamba hakuna kitu.

Jambo moja linawaponza wengi. Ramani zetu za zamani zilipimwa kwa mfumo wa koodineti wa Arc 1960, simu yako inasoma WGS84. Ukichanganya, unahama kiasi cha mita 300. Eka mbili za mraba zina upande wa mita 90 tu, kwa hiyo utakuwa unauliza habari za shamba la mtu mwengine kabisa. Muulize aliyekupa koodineti katumia mfumo gani, na hilo liandike kwenye barua.

fundi_wa_nguzo
Bi Ummu, hiyo transfoma isikutulize. Uliza ina kVA ngapi, yaani uwezo wake wa kubeba umeme, na imeshabeba wateja wangapi. Inaweza kuwa mita hamsini kutoka kwako na ikawa imeshajaa, ukaambiwa ulipie mpya. Omba makadirio ya gharama kabla hujatoa hata arubuni. Na kwa kuwa mko njia ya Fumba: umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, unatua Fumba, kisha unakwenda kituo cha Mtoni kwa laini kubwa ya kilovolti 132. Chini ya laini ile na pembezoni mwake hujengi. Pima umbali wenu.

Babu_wa_Dimani
Mwanangu, nenda kwa sheha, kisha waulize wazee waliolima hapo. Mimi nilichimba msingi mwaka ule tukijenga banda la kuku, jembe likapasua bomba, maji yakajaa mtaro na nusu ya mtaa ukakosa maji siku mbili. Ramani haikulionesha. Mzee jirani alikuwa anajua, aliwahi kuona vijana wakilizika. Sikumuuliza.

Mpimaji_Unguja
Babu kasema kweli. Na dada, kama utakodi mtu mwenye kifaa cha kutafutia nyaya, jua kuwa bomba la plastiki lisilo na waya wa chuma pembeni yake kifaa kile hakilioni. Hapo ni kuchimba kwa mkono, taratibu, kukatisha ukanda.

UmmuNassor
Ahsanteni sana, Allah awalipe. Nimerudi leo na kaka, na mwenye shamba alikuwepo. Tumeufagia ule mfuniko. Chini yake kuna valvu kubwa ya chuma, na ukitega sikio unasikia maji yanapita. Barua ya ZAWA naipeleka kesho asubuhi. Dalali nimemwambia hatutoi arubuni mpaka jibu lirudi, na bomba likithibitika, tutazungumza bei upya au tutaomba upande wa barabarani peke yake.