Mjadala: Kliniki ya simu kwa watoto wenye sikoseli na kifafa, Kigoma tuikubali?

Mleta mada (mzazi, Uvinza):
Ndugu zangu, wapo wanaotaka watoto wenye maradhi ya kudumu huku mwambao wa Ziwa Tanganyika waonwe na bingwa kwa simu ya video, badala ya kuitwa mjini kila kliniki. Wengine wanasema huko ni kumpa mtoto wa maskini nusu ya tiba. Mimi nasema tuikubali kwa sharti moja: simu iwe ya zahanati, isiwe ya mzazi.

Anayetoka Kalya au Buhingu kwenda hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, anategemea boti na hali ya ziwa. Kuna nauli, chakula, mahali pa kulala, na shamba limesimama. Akifika, mara nyingi ni maswali machache, dawa zilezile, tarehe nyingine. Wazazi wanachoka, wanaruka kliniki. Na dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla, mtoto anaweza kuanza kuanguka mfululizo.

Kwa nini zahanati? Dozi ya kifafa inakwenda na uzito, na uzito unataka mizani. Mtoto wa sikoseli anayetumia haidroksiyurea lazima apimwe damu, maana dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe. Bandama yake nayo inataka mkono wa mtu anayejua kuipapasa chini ya mbavu za kushoto. Muuguzi amshike mtoto, bingwa aangalie na kuelekeza. Na simu zetu wenyewe? Nyumba nyingi simu ni moja, na usiku iko ziwani na baba kwenye dagaa.

Muuguzi, Kasulu:
Mzazi mwenzangu, nakuelewa ila napinga. Kuna siku niko peke yangu: chanjo, wajawazito, vidonda. Nani atakaa mbele ya skrini? Mashine ya kipimo hicho cha damu hatuna. Na mtoto wa mguu kifundo, yaani aliyezaliwa na mguu uliopinda, plasta yake hubadilishwa kila wiki. Hakuna bingwa anayefunga plasta kwa video. Hofu yangu kubwa ni kwamba tukikubali, tutaambiwa bingwa haji tena kwa sababu "mna simu".

Mama, Sikonge:
Huku Tabora boti hatuna, lakini bodaboda na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye shingo haijakaza, ni mateso kwake na kwangu. Mazoezi yake ni ya kila siku na anayeyafanya ni mimi. Nikionyeshwa kwa video namna ya kumkalisha na kumlisha asipaliwe, nimesaidika kweli.

Mleta mada:
Dada muuguzi, hoja ya mashine naipokea. Damu itolewe kituo cha afya, majibu yamfikie bingwa kabla ya siku ya simu. Kuhusu upweke wako zahanatini, hapo ndipo tudai kwa sauti moja: bila muuguzi wa pili, kliniki ya simu isianzishwe. Na bingwa aendelee kuja, iandikwe kabisa kwenye mpango.

Mguu kifundo uende hospitali, hilo halina ubishi. Vivyo hivyo mtoto wa sikoseli mwenye homa. Huyo hasubiri simu ya mtu: bandama yake imeshachoka kupigana na vimelea, na saa chache zinaweza kumuua. Inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa na sikoseli nchini kila mwaka, kwa hiyo hatuzungumzii watoto wawili watatu.

Mjamzito mwenye dharura hupiga 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, akasafirishwa bure, na kichanga vilevile. Mtoto wa miaka 6 mwenye sikoseli mpango huo haukuwekwa kwa ajili yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023. Nataka kujua kama bima italipia kliniki hii ya simu, na boti ya usiku ya mtoto huyo italipwa na nani. Walio karibu na madiwani wa mwambao, mmewahi kulisikia hili likiulizwa kwenye baraza?